Rafadha ya Mbarouk, Petroli ya Asheri

Mkwaja,
12 Novemba 1955

Kwa Mzee Mbarouk Shaame, seremala, Usagara, Tanga.

Shikamoo, kwa kuwa umri si kosa lako.

Mimi ni Asheri Shemweta, fundi wa injini katika shamba la mkonge la huku Mkwaja. Hatujaonana, na kwa kazi uliyotuletea sioni kama nimepata hasara. Haji, dereva wa lori letu, alishusha lile panga lako la kuzunguka puani mwa eropleni salama, limeviringishwa magunia kama bibi arusi. Bwana Kristofa akalipapasa akasema, "Asheri, tazama uzuri huu!" Nikatazama. Ni zuri, sikatai. Mbao za mkangazi wa msitu wa Amani, tabaka juu ya tabaka, gundi haionekani, na linang'aa hata mtu anaweza kunyoa ndevu mbele yake. Lingefaa kutundikwa sebuleni kwa tajiri asiyekuwa na picha.

Lakini sisi hatukuagiza pambo. Bwana Kristofa, injinia wetu Mgiriki, anaunda eropleni ya watu wawili kwa mikono yake na yangu, ndani ya ghala tulilokuwa tukiwekea singa, nyuzi za mkonge. Sababu yake unaijua kama umewahi kutoka nje ya Tanga: masika yakikaza, barabara ya kwenda Pangani inakufa, kivuko kinasimama, na sisi huku tunakuwa kama watu waliosahauliwa. Injini tumeipata kutoka katika eropleni iliyovunjika Moshi. Nimeifungua yote na kuifunga upya. Ni nzima.

Jumamosi tulifunga mkia kwenye kisiki tukaiwasha na panga lako mbele. Injini ilinguruma kama mgonjwa. Tulisukuma mafuta hadi mwisho, na saa ya mizunguko ikagoma chini kabisa ya pale inapotakiwa. Nikueleze kwa lugha ya wasiojua: ni kama kuondoa lori lenye shehena kwa gia ya nne. Ubapa wa panga lako umesimama mno. Unakamata hewa nyingi kwa kila mzunguko, na injini haina nguvu ya kuisukuma hewa yote hiyo. Wakati wa vita nilikuwa kiwanja cha ndege cha jeshi, Nairobi, nikihudumia injini. Nimeona mapanga ya eropleni. Wewe umeona milango.

Nakushauri urudi kwenye milango na vitanda, vitu ambavyo vikikosewa haviui mtu.

Asheri Shemweta

*

Usagara, Tanga,
26 Novemba 1955

Kwa kijana Asheri, anayejiita fundi.

Marahaba. Salamu nimekujibu kwa kuwa ni za Mungu, si zako.

Kwanza jifunze jina la kitu kabla hujakitukana. Panga ni la kukatia mkonge. Ile ni rafadha. Baba yangu kule Wete alikuwa akizijua rafadha za meli siku ambazo watu wa kwenu milimani walikuwa wakikimbia wakisikia baiskeli.

Pili, hukuambiwa, maana bwana wako hakuoni mtu wa kuambiwa. Kristofa mwenyewe alikuja hapa, akakaa juu ya benchi langu na suruali yake nyeupe, akanipa mchoro. Nikamwambia, "Bwana, rafadha ni kama parafujo. Ukiifanya hesi zake, ile mikato inayoizunguka, zisimame, kila mzunguko inakwenda mbali, lakini inataka mkono wenye nguvu. Ukizilaza, inakwenda taratibu, lakini inaondoka kwa wepesi." Akacheka. Akasema, "Mbarouk, nataka kasi. Nataka kufika Tanga kahawa yangu haijapoa." Basi nikamchongea kasi. Angeniagiza mwiko, ningemchongea mwiko, naye angeufunga kwenye injini, nawe ungeniandikia barua kuulaumu mwiko.

Tatu, hiyo injini yako. Haji ameniambia tangi la petroli mmeliweka nyuma ya kiti, chini, na petroli inavutwa na pampu mliyoitoa kwenye lori bovu. Nilimwambia arudie, nilidhani sikusikia. Kijana, petroli haina miguu ya watu wa Usambaa, haipandi mlima. Eropleni ikiinua pua, injini inakwenda juu na tangi linazidi kuwa chini. Na pampu ikichoka je, utashuka ukaisukume? Birika la msikiti wetu limejengwa juu na mifereji iko chini, maji yanashuka yenyewe, na aliyelijenga hakwenda vita yoyote. Injini yako haikuelemewa na rafadha yangu. Ina kiu.

Mke wangu Mize anamsalimu mkeo Yudith. Walijuana hospitali hapa Tanga, mwaka ule binti yetu Mwanaasha alipolazwa kitanda cha jirani. Wake zetu wana adabu, masikini, kila mmoja kwa mume wake.

Mbarouk bin Shaame

*

Mkwaja,
14 Desemba 1955

Mzee Mbarouk, shikamoo.

Barua yako nilimsomea Yudith mezani. Tulicheka sana, hasa pale kwenye birika.

Pambo lako linarudi kwako kwa lori hili hili. Ncha moja imemeguka, na nakueleza kwa nini. Bwana Kristofa alichoka kungoja. Jumapili, sisi tukiwa kanisani, alitoa eropleni peke yake akaikimbiza njia yote ya kiwanja, katikati ya mkonge. Waliokuwapo wanasema iliruka kimo cha kuku, ikafikiri, ikakaa. Ikakaa ndani ya mkonge. Yeye hakuumia mahali pa maana. Jioni nzima Yudith, ambaye amefunzwa kufunga vidonda misheni, alikuwa akimchomoa miiba kwa koleo, na Bwana amelala kifudifudi akisema Kigiriki.

Sasa unaona panga lako linavyonyanyua? Halinyanyui. Hiyo ndiyo kasi uliyomchongea, amefika mkongeni kahawa haijapoa.

Habari ya tangi: liko nyuma kwa amri ya Bwana, anaogopa kukaa na petroli magotini. Pampu nimeisafisha mwenyewe, ngozi yake mpya. Siku nitakapotaka mafunzo ya mabirika nitasilimu.

Unga ncha hiyo. Zaidi ya hapo usiguse. Kulilaza ubapa ni kazi ya watu wenye vipimo, na wewe nadhani hujui hata uanzie wapi.

Asheri Shemweta

*

Usagara, Tanga,
30 Januari 1956

Asheri,

Marahaba ya mwaka mpya.

Rafadha hiyo ndani ya sanduku. Nimeiunga ncha iliyomeguka, na ncha zote mbili nimezivika shaba. Ubapa sikuugusa hata kwa msasa. Ni ile ile uliyoitukana, ili ukiitukana tena usipate tabu ya kutafuta maneno mapya.

Haji ana hadithi ya kuchekesha. Anasema umegonga kitangi kidogo cha bati la shaba, ukakipandisha mbele ya kioo, juu ya injini, na kwamba pampu inakijaza na kutoka pale petroli inashuka yenyewe kwenye kabureta. Nilimwambia Haji asimsingizie mtu. Fundi aliyekwenda vita hawezi kujifunza kwa birika la msikiti. Watu barazani walikubaliana nami. Barua zako huwa nawasomea baada ya alasiri, wanazipenda kuliko gazeti.

Neno la mwisho si langu. Mize amesimama nyuma yangu na hataondoka mpaka niliandike. Amesikia kwa Haji kwamba Yudith ni mjamzito na atajifungua masika. Anasema mara ya kwanza yule dada aliteseka, mtoto hakupona, na kule kwenu hakuna daktari. Anasema aje kabla mvua hazijaanza, akae hapa Usagara, hospitali haiko mbali, chumba cha Mwanaasha kiko wazi tangu aolewe. Miye sina haja nawe. Lakini nyumba hii ni ya Mize kuliko yangu, nami nimeandika.

Mbarouk bin Shaame

*

Mkwaja,
27 Februari 1956

Mzee Mbarouk, shikamoo.

Haji akili zake ziko kwenye usukani. Kitangi alichokiona ni cha mafuta ya taa ya nyumbani kwangu. Waambie watu wako wa barazani wanywe kahawa yao.

Sanduku lako limefika. Sikulifungua. Bwana Kristofa amekwenda likizo kwao, na kabla hajaondoka nilimweleza: mzee ameziba ncha tu, panga ni lile lile, tukilifunga tutarudi mkongeni. Akaniamini. Ameagiza la chuma kutoka Ulaya, litakuja kwa meli. Lako liko nyuma ya mlango wa ghala. Kuku wa mlinzi ametagia juu yake, kwa hiyo usiseme halina kazi.

Kwa habari ya mke wangu, mshukuru mama Mize. Yudith hatakuja. Hatalala katika nyumba ambayo mumewe anaitwa "anayejiita fundi", wala hatapita barazani mbele ya watu wanaonicheka. Huku kuna dresa wa zahanati, kuna mkunga, kuna Mungu. Atajifungua nyumbani kwake.

Asheri Shemweta

*

Mkwaja,
19 Aprili 1956, saa saba mchana

Mzee Mbarouk, shikamoo.

Barua hii iko ndani ya kanga ya Yudith. Kama unaisoma, basi wamepita juu ya mkonge.

Uchungu ulimwanza jana alasiri. Mkunga amejitahidi, dresa amejitahidi, mtoto amekaa vibaya, hashuki. Barabara imekatika sehemu nyingi, kivuko cha Pangani hakifanyi kazi. Alfajiri Bwana Kristofa, aliyekwisha kurudi likizo, alikuja mlangoni akasema, "Asheri, eropleni." Nikamwambia haina panga, la chuma halijafika. Akasema, "Lipo sandukuni."

Tumepoteza asubuhi nzima, mzee. Sanduku limevimba kwa unyevu, tumelivunja kwa shoka. Matundu ya boliti yamebana, nikayapanua kidogo kidogo, kisha kusawazisha, kisha kukaza, kulegeza, kukaza tena. Nilimsikia Yudith kutoka nyumbani mpaka ghalani. Kisha sikumsikia tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Tulipowasha, injini iliimba. Saa ya mizunguko ilipanda mpaka panapotakiwa, nikaigonga kwa kidole nikidhani imekwama. Nikazima, nikapitisha mkono kwenye ubapa. Umeulaza. Umelichonga upya lote, kutoka shina mpaka ncha. Uliniandikia hukuligusa.

Na mimi nilikuandikia uongo. Kitangi kipo, juu ya injini. Pampu ikifa, Bwana ana kama robo saa ya petroli inayoshuka yenyewe. Nimemwambia.

Kiti ni kimoja tu pembeni yake, sina nafasi. Nampandisha sasa. Bwana atamtuma mtu kwako. Mwambie mama Mize aende hospitali, nakuomba. Nakuomba, mzee.

Asheri

*

Usagara, Tanga,
24 Aprili 1956

Mwanangu Asheri,

Mjumbe wa posta anaondoka kwa miguu, kwa hiyo naandika upesi. Yudith yu hai. Lisome hilo mara mbili kabla hujaendelea.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka hana pumzi. Daktari alijaribu, Mize alikuwa ndani akaona kwa macho yake kwamba alijaribu. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, nawe useme la kwenu.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, maana najua utataka kujua na utaona haya kuuliza. Kristofa anasema iliondoka ardhini mapema, matope yote yale, na mkonge ukapita chini yao. Walipokuwa juu ya mto Pangani mvua ikawafunika, na pampu ikafa. Alijua kwa kijishale cha saa ya petroli. Hakumwambia Yudith, aligeuza uso asimwone. Petroli ikaendelea kushuka kutoka kwenye kitangi chako. Ilishuka mpaka akaiona Tanga, mpaka magurudumu yakagusa kiwanja, na eropleni ikiwa bado inabingirika injini ikanyamaza yenyewe. Kama ungeliacha tangi la nyuma peke yake, wangekuwa mtoni.

Na rafadha, kweli niliichonga upya. Niliianza siku ile ile iliporudi. Nilijua umesema kweli tangu barua yako ya kwanza, wallahi nilijua hata kabla, siku Kristofa alipokaa kwenye benchi langu. Lakini kukuandikia miye kwamba "umesema kweli, Asheri", mkono ulikataa. Nilifikiri utafungua sanduku, utaona, utanuna peke yako huko Mkwaja, nami nitacheka peke yangu hapa. Sikufikiri kwamba hutafungua.

Mtoto tumemzika Jumamosi. Nilimwendea Mwinjilisti Timotheo wa kanisa lenu, nikamweleza. Sisi hatuziki kwa sanduku, sijawahi kutengeneza. Nilimuuliza liwe refu kiasi gani, akanionyesha kwa mikono. Nililifanya kwa mninga, bila misumari, kwa kuunganisha ulimi na tundu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Waumini wenu walikuja wengi, na watu wa barazani kwangu walikuja pia, wakasimama nje ya ua na kofia zao mikononi.

Umeandika kwamba mlipoteza asubuhi. Daktari hakusema lolote juu ya hilo. Usijiulize.

Yudith yumo chumba cha Mwanaasha. Hasemi. Mize anasema tumwache.

Matusi leo sina. Nimeyatafuta.

Mbarouk

*

Usagara, Tanga,
6 Mei 1956

Asheri,

Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu nimechoka kuandikiwa na kusomewa.

Nimekuwa hapa siku nyingi za kukaa kimya, na katika nyumba ya watu mtu akikaa kimya husikia mengi. Mize alidhani najua. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwenzangu, kwa nini ulikataa kuja nilipokuita?" Nikamuuliza, "Uliniita lini?" Tukatazamana. Asheri, barua za mzee huyu ulikuwa ukinisomea mezani, nami nikipika, nikicheka. Ile ya birika ulinisomea. Ile ya kitangi ulinisomea. Ulipofika penye neno la Mize ukaikunja karatasi ukasema, "Kisha ametia sahihi yake ndefu kama mkia wa nyani." Nilicheka na hapo. Mimi nimesoma skuli ya misheni, ningeweza kunyoosha mkono nikaichukua. Sikunyoosha. Niliona ni mchezo wenu.

Mzee huyu naye alikuwa akizisoma zako barazani watu wacheke. Mize amenionyesha pale wanapokaa. Wazee wenye mvi! Na ninyi wawili, mmoja ana wajukuu, mwingine alivaa sare ya vita, na kazi yenu ilikuwa kutafuta neno litakalomchoma mwenzenu, mlipeane kwa lori la Haji mwendo wote ule, na ninyi wenyewe mkaona mna akili. Kila mmoja wenu alimsikiliza mwenzake. Yeye alichonga ulivyosema, wewe ukaweka tangi alivyosema. Mlikuwa mmekwisha kupatana, kasoro kusema tu. Kusema ndiko kulikowashinda. Mngekuwa watoto wangu ningewachapa wote wawili na kuwanyima chakula.

Mzee amekuandikia kwamba daktari hakusema lolote. Alisema. Alisema kama ningeletwa asubuhi mtoto angelia. Mzee Mbarouk alikuwa mlangoni, akasikia, akatoka nje akashika ukuta. Amekuficha kwa huruma. Hata huruma yenu ni ya kufichana. Mimi sikuhurumii, kwa hiyo nakwambia.

Unataka kujua ilikuwaje mle ndani? Najua unataka, hata sasa unataka kujua injini ililiaje. Sikusikia injini. Nilishikilia kitambaa cha mlango mpaka kikachanika. Niliona mkonge ukija, ule mkonge wenu, mweupe kwa mvua, nikafikiri, panga hili linalotuvuta limengoja nyuma ya mlango, na kuku juu yake. Ulinionyesha kuku yule. Ulisema, "Tazama, amepata kazi." Bwana Kristofa alikuwa akiimba kwa Kigiriki, akatazama nje upande wake asinitazame. Mtoto alikuwa bado akicheza tulipopita Pangani. Hilo hakuna aliyekwambia, maana hakuna aliyelijua ila mimi. Alicheza, kisha akatulia, nikajiambia amelala.

Bwana Kristofa alikuja hapa na maua. Ana ndevu za wiki nzima. Akasema anataka kuandika jina la mtoto ubavuni mwa eropleni. Nikamwambia mtoto wangu si chombo. Akalia mbele ya watu, mtu mzima. Yeye angalau hakumcheka mtu, alitaka kasi tu, mpumbavu wa waziwazi. Nilimpa chai.

Mwinjilisti aliuliza jina la kuandika kwenye msalaba. Nikampa la baba yangu, Zebedayo. Hukuulizwa.

Sijui kama nitarudi Mkwaja. Mize anasema hospitali wanatafuta wanawake wanaojua kufunga vidonda na kusoma. Nimekwenda kuuliza. Usinitumie barua, wala kwa Haji wala kwa posta. Barua zako najua zinavyoandikwa. Mvua zimepungua, njia ya miguu inapitika. Kama una neno, lilete kwa miguu yako.

Yudith

*

Mkwaja,
15 Mei 1956

Mzee Mbarouk, shikamoo.

Barua ya Yudith imefika jana. Amenikataza kumwandikia, kwa hiyo nakuandikia wewe, na huu ni mstari wa mwisho utakaoupata kutoka kwangu kwa karatasi.

Sikuwa nimefikiri kwamba mtoto alikuwa bado akicheza.

Panga la chuma la Bwana Kristofa limefika kwa meli, amenitaka nilifunge. Nimemrudishia funguo za ghala. Kisha nilikwenda ofisini nikaomba ruhusa, wakaninyima, nami nimeamua kuondoka hivyo hivyo.

Natoka kesho alfajiri kupitia ufukweni mpaka Pangani, na kivuko kikiwa bado kimesimama nitaomba mtumbwi. Sina mzigo. Ukiniona mjini usinipokee kama mgeni, wala usinipe mkono wa pole mbele za watu, sitauweza. Nionyeshe kwanza Zebedayo alipolazwa. Nataka nifike pale kabla sijafika kwako.

Kisha mwambie Yudith nimekuja. Akiwa hataki kunitazama, usimshawishi, na mama Mize asimshawishi. Nitakaa nje barazani, pale mliponicheka, na hao wazee wako waje wakae kama kawaida. Wakiuliza mimi ni nani, waambie. Nitakaa mpaka atakapotoka mwenyewe, na asipotoka, nitakaa.

Asheri